Habari Ambayo Gari Halikupewa

"Mia sita ukilisema lile neno. Usipolisema, mia saba."

"Basi chukua mia saba zako, bibi, tuachane salama!"

"Vilmantas mwanangu, euro mia nzima hiyo. Kwa maneno ambayo hayajazi hata kinywa."

"Mia ya kusema uongo siitaki. Nikwambie kwa lugha gani?"

Walikuwa uani kwa Bibi Barbora, mwendo mfupi nje ya mji wa Marijampolė, asubuhi ya Novemba, siku chache tu baada ya watu kuwasha mishumaa makaburini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba kama blanketi la mgonjwa. Kati yao lilisimama gari lenyewe: la kijani, refu, lenye buti la kuingiza hata ndama, na juu yake keria ya chuma iliyoliwa na kutu. Mumewe, mzee Juozapas, alilitumia miaka mingi kuhamisha mizinga yake ya nyuki kutoka shamba hadi shamba. Na alifia humo humo. Walimkuta ameegesha ubavuni mwa mizinga, mkanda amejifunga, mikono juu ya usukani, kama mtu anayengoja lango lifunguliwe.

Bibi hakulificha hilo. Vilmantas alimheshimu kwa kutolificha. Tatizo lilikuwa lile neno.

Kwao, bwana wa nyumba akifariki, hafi peke yake kimya kimya. Bwana mpya huzunguka uani akatoa habari. Humwambia ng'ombe. Humwambia farasi. Huenda kwenye mzinga mmoja mmoja, akaugonga mara tatu, akasema: bwana wako amefariki, bwana wako sasa ni mimi. Nyuki hasa. Nyuki ni watu; kwao ng'ombe hufa lakini nyuki hufariki, na hakuna mtu mzima atakayekosea akasema vinginevyo. Nyuki wasipopewa habari, huinuka wakamfuata mwenyewe huko alikokwenda.

"Nyuki wameambiwa na mwanangu," alisema Bibi Barbora. "Ng'ombe kaambiwa. Hili gari mwanangu hakulitaka, na mimi mjane siwezi kulisemea. Husema anayelichukua. Gonga, sema, nenda zako."

"Lakini mimi siyo bwana wake! Bwana wake ni Yerbol, yuko Aktobe, ng'ambo ya Urusi, kashalipa, anataka la kupakia kondoo. Mimi ninaliosha, nalipakia kwenye lori, basi. Sijawahi kumdanganya mteja. Nianze kudanganya bati?"

"Halitakuuliza cheti, mwanangu. Linataka kuambiwa tu."

"Basi aliambie Yerbol likifika."

Alihesabu mia saba kamili juu ya boneti, mbele ya macho yake, akaingia, akawasha. Injini ikaitika mara moja, kana kwamba ilikuwa bado ina joto. Bibi Barbora akamfuata kwa mguu mpaka langoni, kandambili za mpira zikipiga matope, mkono mmoja umeshika kioo cha pembeni.

"Usilivushe lango bila kuliambia," alisema. Hakupiga kelele tena. Alinong'ona. "Hapa ndani ni gari. Huko nje sijui."

Akalivusha.

Vilmantas alikuwa mtu wa hasira za karibu na moyo ulionyooka. Kazi yake ilikuwa kuandaa magari kwa safari za mbali. Si kila mtu anaijua kazi hiyo, ingawa kila mtu anadhani anaijua. Gari linaloondoka juu ya lori halipakiwi kama gunia. Kwanza unaliosha, maana tope huficha mikwaruzo, na mikwaruzo isiyoonekana ndiyo inayoleta kesi. Unalipiga picha pande zote, ndani na nje. Mafuta unayapunguza mpaka robo. Tairi unazijaza. Keria unaifungua, antena unaing'oa, king'ora unakizima, waya wa betri unauchomoa. Na juu ya yote, unatoa kila kitu kilichomo. Kila kitu. Hata msumari. Kitu kilicholegea ndani ya gari, kikitikiswa juma zima barabarani, hugeuka nyundo.

Siku hiyo haraka ilikuwa kubwa, kwa sababu lori lilikuwa la mdogo wake, Leonas.

Leonas ndiye ndugu pekee aliyebaki. Mama yao alipofariki, Vilmantas ndiye aliyempikia uji, akamfunga kamba za viatu, akampiga kofi alipoiba baiskeli ya padri, kisha akamfundisha udereva. Sasa Leonas alikuwa na lori lake la kubebea magari, magari manane, ghorofa mbili. Lake kwa jina, la benki kwa ukweli. Na benki ilikuwa imechoka kungoja. Asipoondoka siku ile na magari yote manane, Jumatatu wangekuja kulikokota. Saba yalikuwa tayari yamefungwa. Nafasi ya nane, ile ya juu kabisa, mbele, juu ya paa la dereva, ilikuwa inalingoja gari la kijani.

Vilmantas alianza kazi uani kwake. Alitoa kopo la kufukizia nyuki, bado lina majivu. Alitoa kofia yenye wavu, glavu moja, fremu za nta, chupa ya maji yaliyoganda kijani. Buti lilikuwa na nyuki wakavu, wafu wa miaka, wamejaa kwenye mifereji ya sakafu. Aliwafagia wote mpaka zulia likaonekana, akawamwaga kwenye pipa. Kiti cha dereva kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa. Juozapas alikuwa mrefu, na goti lake moja lilikuwa halikunji. Vilmantas ni mfupi. Alikivuta mbele, akaliendesha hadi kwenye bomba la maji, akaosha, akapiga picha. Akachomoa waya wa betri. Akafunga milango yote na kwenda kunywa chai na kipande cha mkate mweusi.

Aliporudi, kiti kilikuwa kimerudi nyuma.

Alisimama akitafuna. Akasema, "Reli zimelegea." Akakivuta tena, akakikaza kwa kabari ya mbao.

Kisha akafungua buti ili aweke tairi ya akiba mahali pake. Sakafu ilikuwa nyeusi. Nyuki. Wakavu, wamejaa mifereji kama mwanzo. Aliangalia kwenye pipa. Waliofagiliwa walikuwa bado wamo.

Alifagia mara ya pili.

Leonas akaja na lori, redio inaimba mpaka mabati ya geti yanatetemeka, mdomoni kipande cha nyama ya moshi.

"Kaka! Bi harusi yuko tayari?"

"Leonas, hili gari sijalipenda."

"Usilipende. Lipakie tu."

"Nakwambia haliishi uchafu. Nimefagia, linajaa tena."

"Wewe na usafi wako. Mke wako alikimbia kwa sababu hiyo hiyo." Alicheka, akamkumbatia kaka yake kwa mkono uliojaa mafuta ya nyama. "Twende mizanini kwanza. Lile la saba ni zito, nisije nikazidisha."

Mizani ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la nafaka, na mwenye ghala huwaachia waitumie. Walilisukuma gari la kijani kwa mikono, halina mtu, halina mzigo, mafuta robo. Leonas akasoma namba. Akaangalia karatasi ya gari. Akasoma namba tena.

"Umeacha nini ndani?"

"Hamna kitu ndani."

"Kaka, limezidi kilo tisini na ushei. Umesahau injini ya akiba?"

Walilipekua. Waliinua viti. Waliinua mazulia. Leonas alilala chini na tochi akakagua tumbo lote. Hamkuwa na kitu. Walilipima tena, uzito ukawa ule ule. Kisha Vilmantas, bila kujua kwa nini, akaufungua mlango wa dereva na kuuacha wazi. Wakangoja. Namba ikabaki pale pale kwa muda. Halafu ikashuka. Tisini na ushei, ikashuka taratibu, kama inavyoshuka mtu mzima mwenye goti bovu anaposhika mlango na kujivuta nje.

"Mizani mbovu," alisema Leonas.

"Leonas."

"Mizani mbovu, kaka! Na kama yumo mtu, akalipe nauli."

Alicheka peke yake. Aliufunga mlango kwa goti. Namba ikapanda.

Vilmantas akamshika mdogo wake kwenye kola, pale pale, kama zamani za baiskeli ya padri. "Liache. Nitamrudishia Yerbol pesa yake kutoka mfukoni mwangu. Nenda na saba."

"Na saba benki hainielewi! Mkataba ni manane. Unataka nimwambie nini mke wangu Aldona? Kwamba lori limechukuliwa kwa sababu kaka yangu kaogopa mizani ya nafaka? Niachie, kaka. Niachie nifanye kazi. Ukiniacha leo nimeponyoka. Usiponiacha nimekwisha."

Macho yake yalikuwa mekundu. Hayakuwa macho ya mzaha tena. Vilmantas akaiona ile hofu ya mtu ambaye amepiga hesabu usiku kucha na kila njia imemleta kwenye ukuta ule ule. Akamwachia.

Walilipandisha. Na Vilmantas mwenyewe ndiye aliyelifunga, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Mkanda juu ya kila tairi, ndoano kwenye matundu, kikazio kikavutwa mpaka mkanda ukawa mgumu kama ubao. Akapiga picha za mwisho. Alipokuwa anashuka ngazi aliona kioo cha dereva kimefanya ukungu. Siku ya baridi kila kioo hufanya ukungu. Alikipangusa kwa kiganja.

Hakikupanguka. Ulikuwa kwa ndani.

Lori liliondoka kabla ya adhuhuri. Leonas alipiga honi mara mbili, kama kawaida yake, akapotea kwenye ukungu akielekea kaskazini.

Vilmantas alikaa ofisini kwake, kile kibanda cha bati chenye jiko la kuni, ili amtumie Yerbol picha. Ndiyo kazi: picha hupelekwa siku hiyo hiyo, mteja ajue gari limeondoka likiwa vipi. Alizifungua moja moja kwenye kompyuta.

Ya kwanza, bombani. Gari safi. Vioo angavu.

Ya pili, kabla ya mizani. Kioo cha dereva kina doa dogo la ukungu, ukubwa wa sahani ya kikombe. Liko usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi.

Ya tatu. Doa limekuwa kubwa.

Ya mwisho aliipiga juu ya lori, kupitia kioo cha mbele. Aliivuta karibu. Kabari ya mbao ilikuwa imelala juu ya zulia. Kiti kilikuwa nyuma kabisa. Na mkanda wa usalama ulikuwa umevutwa toka begani, umeshuka kwa mshazari, umefungwa.

Haukuwa umelegea. Ulikuwa umejaa. Umepinda juu ya kitu.

Alimpigia Leonas. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Kaka," alisema Leonas. Redio ilikuwa imezimwa. "Nilitaka nikupigie mimi."

"Uko wapi?"

"Nimepita Panevėžys. Sikiliza. Kuna… unasikia?"

"Nini?"

"Paa. Juu ya kichwa changu. Linalia kama mtu anayebadilisha makalio kwenye kiti. Nikishika breki, linasogea. Nikikata kona, linasogea. Na moshi. Moshi wa majani makavu. Nimesimama mara mbili kuangalia. Hakuna kinachoungua."

"Simama."

"Benki, kaka."

"Benki nitailipa mimi! Nitauza nyumba! Simama, Leonas, nakuomba, mdogo wangu, kwa jina la mama!"

Hakuwahi kumwomba. Siku zote alimwamuru. Leonas akasema kwa sauti ya utotoni, "Naogopa, kaka. Nifanyeje?"

Na hapo Vilmantas akafanya kosa ambalo angelifanya mtu yeyote wa kwao. Alilikumbuka lile neno. Alilidharau asubuhi, sasa akalishika kama anayezama anavyoshika jani.

"Ingia kituo cha mafuta. Panda juu. Ligonge mara tatu, uliambie: bwana wako amefariki, bwana wako sasa ni mimi. Sema tu. Halafu shuka, uache lori, nakuja."

"Niliambie gari?"

"Sema, Leonas! Usikate simu!"

Tayari alikuwa kwenye gari lake, simu imebanwa begani, anaelekea kwa Bibi Barbora maana ndiko kulikokuwa karibu, na alitaka kusikia kwa mdomo wa bibi kwamba amefanya sawa. Sikioni alisikia lori likipunguza mwendo. Hewa ya breki. Mlango. Upepo. Viatu vya Leonas kwenye ngazi ya chuma, kimoja, kingine. Pumzi yake.

Kugonga.

Kugonga.

Kugonga.

"Bwana wako amefariki," ilisema sauti ya Leonas, ndogo. "Bwana wako sasa ni mimi."

Upepo tu.

Halafu ule mlio. Mwanzo Vilmantas alidhani ni simu. Ulikuwa wa chini, mzito, wa maelfu. Mlio wa mzinga uliopigwa teke. Mwezi wa Novemba.

"Leonas?"

Kishikio cha mlango kilifunguliwa. Hakikufunguliwa kwa nje. Mkono wa Leonas ulikuwa bado unagonga bati kidogo kidogo. Kilifunguliwa kwa ndani.

"Naam, mzee," alisema Leonas.

Kimya.

"Hapana, mzee. Nimetumwa tu."

Kimya kirefu.

"Naam. Naam. Basi nazunguka."

Mlango ukafungwa. Mwingine ukafunguliwa, ukafungwa. Mlio ukaendelea. Simu haikukatika. Vilmantas aliita jina la ndugu yake mpaka koo likapasuka, na upande wa pili ukamjibu mlio ule ule, mtulivu, wa nyuki wanaohama.

Bibi Barbora alikuwa uani akimwaga makombo ya kuku. Alimwona anavyoshuka garini akajua.

"Umelivusha," alisema.

"Nimesharekebisha! Nimemwambia Leonas aliambie. Ameliambia, bibi. Nimesikia kwa sikio langu. Si imekwisha? Sema imekwisha!"

Mwanamke yule mzee aliweka bakuli chini. Alikaa juu ya kigogo cha kupasulia kuni.

"Habari ile hupewa gari mwenyewe akiwa hayumo," alinong'ona. "Akiwa kaburini, gari uani, lango limefungwa. Wewe umelitoa. Nalo limekwenda kumchukua. Hakujua, mwanangu. Juozapas hakujua. Alijua yuko safarini na mizinga yake." Alimwangalia kwa huruma iliyokuwa mbaya kuliko tusi. "Umemtuma ndugu yako akamwambie mtu usoni kwamba amekufa. Akamwambia na gari lake amelichukua."

"Kwa hiyo?"

"Ungeambiwa wewe hivyo, ungefanya nini?"

Vilmantas hakungoja. Aliendesha kuelekea kaskazini kama mwendawazimu, taa za magari ya mbele yake zikimtusi, simu juu ya kiti cha pembeni bado ina mlio. Karibu na Panevėžys mlio ukaanza kupungua, kama mzinga unaopelekwa mbali. Giza la Novemba, lile linaloingia kabla watu hawajatoka kazini, lilimkuta njiani. Alipoziona taa za kituo cha mafuta, simu ilikuwa kimya kabisa. Ilikuwa haijakatwa.

Lori lilikuwa limeegeshwa vizuri pembeni, injini inanguruma. Mlango wa dereva wazi. Mkate wa Leonas juu ya dashibodi, umeumwa mara moja. Magari saba yalikuwa mahali pake.

Alipanda ngazi. Alipanda haraka, halafu polepole, halafu akasimama.

Nafasi ya nane ilikuwa tupu.

Mikanda ilikuwepo. Yote minne. Ndoano ndani ya matundu, vikazio vimefungwa kama alivyovifunga. Na ilikuwa imekazwa. Imekazwa juu ya hewa, imeinuka, imepinda kwa umbo la tairi ambazo hazipo. Aligusa mmoja. Ulikuwa mgumu kama ubao. Alibonyeza kwa uzito wake wote katikati, pale ambapo hapakuwa na kitu chini.

Haukubonyea.

Polisi walikuja. Waliuliza maswali yao. Walichukua picha za kamera ya kituo, na kwa kuwa Vilmantas aligoma kuondoka na kuwatukana, mwishowe wakamwonyesha. Zilikuwa picha za kijivu, hazina sauti. Leonas anapanda. Leonas anagonga. Mlango wa dereva unafunguka na yeye anarudi nyuma nusu hatua, anavua kofia yake, anaishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa mbele ya mkubwa. Anainamisha kichwa. Anasikiliza. Anaitika, mara moja, mara mbili. Kisha anaufunga mlango kwa adabu, anapita mbele ya boneti kwa kujibana, juu kule, mwenye kofia mkononi, na anaingia upande wa abiria.

Hakuingia upande wa dereva. Polisi kijana aliirudisha picha mara kadhaa, akauliza kwa nini hakuingia mlango uliokuwa karibu.

Baada ya hapo ukungu wa barabarani unapita mbele ya kamera. Unapokwisha, lori lina magari saba.

Gari la kijani halikuvuka mpaka wowote. Halikuonekana shambani, mtoni, wala msituni. Yerbol alirudishiwa pesa yake yote. Mizinga ya Bibi Barbora ilikutwa mitupu kesho yake asubuhi. Mwanawe aliifungua akakuta nta, asali, na hakuna hata nyuki mmoja, mzima wala aliyefariki. Mwezi ambao nyuki haruki.

Jumatatu benki ilikuja kulichukua lori, lililokuwa limerudishwa uani kwa Vilmantas. Vijana wao walijaribu kuvilegeza vile vikazio vinne, wakavunja wenzo mmoja, kisha mwingine. Mwisho wakaikata mikanda kwa msumeno wa chuma. Ikakatika ikilia kama waya wa gitaa. Na vipande vyake, walipovitupa chini, havikulala. Vilisimama kwenye matope, vimepinda nusu duara, kila kimoja kimeikumbatia tairi yake.

Aldona, mke wa Leonas, alikuja lori likiwa bado langoni. Hakuvaa koti. Alivitazama vile vipande, akakipiga kimoja teke. Hakikuanguka.

Vilmantas alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kibanda chake, hajanyoa, hajala. Aliinuka. Kwa haraka ya mwenye hatia alitoa bahasha kifuani.

"Shemeji, hii ni nauli ya safari, yote, na nyingine nimeongeza. Nyumba nimeitangaza. Nikiiuza—"

"Pesa sikuifuata."

"Aldona, mimi nilimkataza. Mungu ni shahidi. Nilimshika kola, nikamwambia nenda na saba."

"Polisi wameniuliza nani alilifunga lile gari. Nikawaambia ni shemeji yangu, maana mume wangu alinipigia njiani akaniambia: usihofu, la nane amelifunga kaka kwa mkono wake." Hakulia. Sauti yake ilikuwa imekauka kama mbao za jeneza. "Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Basi weka bahasha yako mfukoni, Vilmantas. Wewe ndiye uliyempakia. Nishushie mume wangu."